Mgao, Kupoza na Kunepa: Tahakiki ya Istilahi za Gridi ya Umeme

Hivi karibuni tuliletewa muswada wa kijitabu cha mafunzo, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuupitie kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Kijitabu chenyewe kimekusudiwa mafundi wa njia za umeme pamoja na mameneja wa viwanda, nacho chazungumzia mambo mawili ambayo wahandisi wa nchi nyingi wanayatilia maanani siku hizi: kwanza, jinsi kiwanda kiwezavyo kuisaidia gridi kwa kubadilisha saa zake za kutumia umeme, na pili, jinsi njia ya kusafirisha umeme iwezavyo kupimwa mchana na usiku, ili ijulikane inaweza kuchukua kiasi gani saa hii, si saa ile. Mfasiri hatutamtaja. Ni mtu hodari, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo tulipofika ukurasa wa tisa tulikuta sentensi moja ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Sentensi yenyewe yasema hivi: "Upepo ukivuma waya hupoa, na hapo njia huwa salama zaidi."

Msomaji asiyejua kazi ya umeme hataona kosa lolote hapa. Lakini fundi wa Tanzania ana maana yake ya kupoa na kupoza, nayo si maana ya jikoni. Kwake yeye, kituo cha kupozea umeme ni mahali ambapo transfoma huushusha msongo wa umeme, tuseme kutoka kilovolti 220 hadi 33, kabla haujapelekwa mitaani. Jina hilo halikutungwa na wanalugha. Limeota lenyewe kutokana na taswira ya watu kwamba umeme wa msongo mkubwa ni "mkali" au "wa moto", na ule ulioshushwa ni umeme "uliopozwa". Limeingia katika matangazo, katika hotuba za mawaziri na katika mabango ya miradi, na sasa halina wa kuling'oa. Basi fundi huyo akisoma kwamba waya umepoa na njia ni salama zaidi, ataelewa nini? Aghalabu ataelewa kwamba msongo umeshuka, au hata kwamba umeme umeondolewa. Ilhali mwandishi wa asili alikusudia kusema tu kwamba joto la madini ya waya limepungua. Waya huo bado una volti 220,000 kama ulivyokuwa dakika moja kabla, na atakayeusogelea utamwua vilevile.

Huenda mtu akasema kwamba muktadha utafafanua. Sisi hatukubali. Maagizo ya kazi hayabaki ndani ya kitabu. Huandikwa ukutani kwenye karakana, hutamkwa kwa redio ya upepo yenye kukwaruza, hunakiliwa na mkuu wa zamu kwa mkono katika daftari. Kila yanapohama huacha sehemu ya muktadha wake njiani. Istilahi ya kazi yenye hatari hapana budi iwe salama hata ikisimama peke yake.

Basi tufanye nini? Kuondoa jina la kituo cha kupozea haiwezekani, wala si haki kumnyang'anya fundi neno lake. Pendekezo letu ni jepesi: katika habari za njia za umeme, kitenzi kupoa na vyote vitokanavyo nacho visitumike kabisa kwa joto la waya. Isemwe kwamba joto la waya limeshuka, au kwamba upepo umeupunguzia waya joto. Ni maneno mengi kuliko moja, lakini hakuna sheria isemayo kwamba neno moja la Kiingereza ni lazima lilipwe kwa neno moja la Kiswahili. Wafasiri wetu wengi wameshikilia sheria hiyo isiyokuwapo, na nusu ya matatizo ya istilahi zetu yametoka hapo.

Tueleze kwa ufupi kwa nini joto hilo ni jambo kubwa. Waya wa njia kuu aghalabu ni wa alumini iliyosukwa kuzunguka kiini cha chuma. Mkondo wa umeme ukipita humo huzalisha joto, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto lizalishwalo huwa mara nne. Jua nalo huongeza lake. Madini yakipata joto hutanuka, waya hurefuka, na katikati ya minara miwili hushuka kuelekea ardhini. Upepo huchukua sehemu ya joto hilo na waya hurudi juu. Hivyo kiasi cha umeme ambacho njia inaweza kuchukua hutegemea sana hali ya hewa ya saa ile. Lakini kwa miaka mingi wahandisi, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua hali hiyo katika kila kilomita, waliweka kiwango kimoja kwa kudhani mabaya: siku ya joto kali, jua la utosi, na upepo hafifu wa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Siku nyingi za mwaka si mbaya hivyo. Njia yaweza kuchukua zaidi, ila hakuna ajuaye.

Mfasiri wetu amekiita kule kushuka kwa waya "kulegea". Hapa pia twamkatalia. Waya uliolegea ni waya uliofungwa vibaya. Ni kosa la fundi, na dawa yake ni kuukaza. Waya ushukao kwa joto haukulegea. Umefanya kazi yake kama ulivyokusudiwa, na atakayeukaza mchana wa jua atakuta usiku wa baridi umevutika kupita kiasi. Kiswahili kina neno la jambo hili hasa, nalo limelala kamusini likingoja kuamshwa: kunepa. Fito ya mwenye kubeba ndoo mbili za maji hunepa. Ubao mrefu ukikanyagwa katikati hunepa. Kamba ya kuanikia nguo hunepa nguo zikilowa na hurudi zikikauka. Hakuna lawama ndani ya kunepa. Kuna uzito, au urefu, na kuna kurudi. Nomino yake ni mnepo, na twaona kwamba mnepo wa waya ni istilahi ambayo fundi ataielewa siku ya kwanza bila kufundishwa. (Nguvu inayouvuta waya kati ya mnara na mnara nayo iitwe mkazo, wala si msongo, kwa kuwa msongo umekwisha kupewa kazi ya volti.)

Tukitaka kuona mnepo ukifanya historia, tutazame Ohio, Marekani, tarehe 14 Agosti 2003. Mchana huo njia za kilovolti 345 zilinepa hadi zikagusa miti iliyoachwa ikarefuka chini yake. Zilizimika moja baada ya nyingine. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba njia tatu za mwanzo zilikuwa zikichukua umeme chini ya uwezo ulioandikwa katika vitabu vyake. Umeme ukatafuta njia nyingine, hizo nazo zikazidiwa, na kufikia jioni watu wapatao milioni 50 wa kaskazini-mashariki ya Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada walikuwa gizani. Wasimamizi katika chumba cha kuongozea gridi hawakujua kwa wakati yaliyokuwa yakitokea, kwa kuwa vyombo vyao vya kutoa tahadhari vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Septemba, njia iliyokuwa ikipeleka umeme Italia kupitia milima ya Uswisi iligusa mti, na karibu Italia nzima ikazimika.

Tangu hapo vihisi vimetundikwa katika njia nyingi za dunia. Kingine hukaa juu ya waya wenyewe na kupima joto au mtikisiko wake, kingine hukaa mnarani na kupima mkazo au upepo. Marekani, mwezi Desemba 2021, tume ya shirikisho inayosimamia nishati iliamuru kwamba viwango vya uwezo wa njia vizingatie joto la hewa la wakati ule, badala ya kiwango kimoja cha msimu mzima.

Kazi hii muswada umeiita "ufuatiliaji wa laini". Twajua kwamba mafundi husema laini, na hilo ni haki yao. Lakini katika maandishi neno hili lina wenyewe wawili tayari. La kwanza ni laini isiyo ngumu wala ya kukwaruza. La pili ni laini ya simu, na mtu wa leo akisikia kwamba laini inafuatiliwa atafikiri polisi wanamsaka mwizi wa simu. Njia ya umeme ni jina lililokwisha kukubalika, na latosha. Ama neno ufuatiliaji, hilo limezoeleka sana katika miradi, likiwa limefungwa pamoja na tathmini, na lina harufu ya mtu mwenye faili ajaye baada ya kazi kwisha. Tulifikiria pia ukaguzi, lakini ukaguzi wa njia ni ile kazi ya kutembea kwa miguu chini ya waya, kutazama vikombe vilivyopasuka na miti iliyokaribia. Hufanywa leo, hurudiwa baada ya miezi. Ulinzi wa njia nao una maana mbili: walinzi wa kuzuia wezi wa vyuma vya minara, na vile vyombo vikatavyo umeme papo hapo hitilafu itokeapo. Hivyo twapendekeza upimaji wa mfululizo wa njia. Si jina la kupendeza, lakini lasema jambo lenyewe: kupima, bila kukatiza.

Uwezo wa njia uliowekwa kwa kudhani mabaya uitwe uwezo tuli. Ule upatikanao kwa vipimo vya saa ile, muswada umeuita "uwezo wa kigeugeu". Twasadiki mfasiri hakukusudia mzaha, lakini hakuna mhandisi atakayekubali kuweka gridi ya taifa juu ya kitu kiitwacho kigeugeu. Uwezo wa saa kwa saa wafaa.

Sasa tugeukie viwanda, ambako mambo ni magumu zaidi, kwa sababu si maneno tu yanayogongana bali na kumbukumbu za watu.

Katika gridi, umeme unaozalishwa na umeme unaotumika hapana budi ulingane kila sekunde. Usipolingana, masafa huondoka katika hezi 50, na yakiondoka mno mitambo hujizima ili isiharibike. Kwa desturi, ni mitambo ya kuzalisha iliyolazimishwa kufuata matumizi. Fikra mpya, ambayo kwa viwanda vikubwa si mpya hata kidogo, ni kwamba baadhi ya matumizi yaweza kufuata uzalishaji. Huko Richards Bay, Afrika Kusini, kiyeyushio kikubwa cha alumini hupunguziwa umeme kwa muda gridi ya nchi ile inapobanwa. New Zealand, kiwanda cha alumini cha Tiwai Point kilifunga mkataba wa kushusha matumizi yake kwa hadi megawati 185 katika miaka ya ukame, na mwaka 2024, maziwa yalipopungua maji, mkataba huo ulitumika. Hapa kwetu hatuna viyeyushio vya namna hiyo, lakini tuna saruji. Tanuri la saruji halizimwi ovyo, kwani huwaka usiku na mchana. Lakini vinu visagavyo klinka kuwa saruji vyaweza kusimama saa tatu za jioni na kuendelea usiku wa manane, maadamu ghala lina akiba. Pampu zipelekazo maji kwenye matangi ya mlimani ni hivyo hivyo. Vyumba vya baridi vya samaki vyaweza kukaa saa moja bila umeme na samaki wasijue.

Muswada umeliita jambo hili kwa majina mawili, tena kwa kuyachanganya: "mgao wa hiari" na "mahitaji manyumbufu".

Mgao wa hiari ni kosa, tena kosa la kugharimu. Mgao ni neno zuri lililotokana na kugawa, na kwa asili yake lina wema ndani: kila mtu na fungu lake. Lakini waliokuwepo wakati wa ukame wa 2006, mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipokauka, na wakati wa mgao wa 2011, wanajua kwamba mgao ni giza linaloletwa kwako kwa ratiba usiyoipanga. Ni kinyozi aliyekaa nje ya kibanda chake na mashine mkononi. Neno limekwisha kubeba maana hiyo na halitaitua. Meneja wa kiwanda akiitwa mkutanoni kuzungumzia mgao wa hiari ataleta mwanasheria wake. Mgao ubaki na maana yake ya kukatiwa kwa zamu. Usivalishwe kilemba cha hiari.

Mahitaji manyumbufu lina kosa la namna nyingine. Kwanza, wachumi wamekwisha kuutumia unyumbufu wa mahitaji kwa jambo lao, yaani kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei ibadilikapo, na hatuoni sababu ya kuwapora. Pili, hitaji katika Kiswahili ni haja, kitu ambacho mtu hawezi kukikosa. Haja hainyumbuki. Kiwanda cha saruji kina haja ya kusaga tani zake, na haja hiyo haibadiliki hata chembe. Kinachobadilika ni saa ya kusaga. Kwa hiyo neno la kushika hapa ni matumizi.

Tulijaribu kwanza kuutumia msemo wa kutua mzigo, kwa kuwa wahandisi huyaita matumizi yote mzigo wa gridi, na kwa kuwa atuaye mzigo hufanya hivyo mwenyewe, kama nahodha atuavyo tanga upepo ukizidi bila mtu kusema chombo kimevunjika. Tulilipenda sana wazo hili, na kwa siku mbili tulijiona tumemaliza kazi. Mhandisi mmoja, rafiki yetu, akatuuliza swali moja: katika msemo huo, mchukuzi ni nani? Mchukuzi ni gridi, na mzigo ni kiwanda. Basi gridi ikitua mzigo, kiwanda ndicho kinachoangushwa chini. Na huo ndio mgao wenyewe! Tukaufuta msemo wetu.

Ndipo tulipoangukia kitenzi kusogea. Kiswahili kina kiambishi tamati -vu au -fu, ambacho hutupa sifa kutokana na kitenzi: sikia hutoa -sikivu, tulia hutoa -tulivu, legea hutoa -legevu. Kwa kanuni hiyo hiyo sogea hutoa -sogevu, yaani chenye kuweza kusogea bila kuharibika. Tuseme basi matumizi masogevu, na kitendo chenyewe kiitwe usogezaji wa matumizi. Neno hili lina faida ambayo upunguzaji hauna. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo uliopangwa wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme wake gridini mwezi Februari 2024. Mwezi uliofuata, baadhi ya mitambo ya maji ya mahali pengine ilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi matumizi ya watu. Siku ya namna hiyo gridi haiombi mtu apunguze. Yaomba vinu visage sasa kile ambacho vingesaga kesho. Kupunguza hakuna nafasi hapo, lakini kusogeza kupo.

Lipo neno jingine dogo ambalo tungeliacha lipite kama lisingehusu fedha. Malipo anayopewa mwenye kiwanda kwa kukubali kusogeza matumizi yake, muswada umeyaita "fidia". Fidia hulipwa aliyedhulumiwa au kuumizwa. Mwenye kiwanda huyu hakuumizwa. Ameuza huduma, kama auzavyo umeme mwenye mtambo. Zaidi ya hayo, aghalabu hulipwa pia kwa kukaa tayari, hata kama hakuitwa mwaka mzima. Mkataba ukiandikwa kwa neno fidia, siku ya ugomvi hakimu atauliza hasara iko wapi, na mwenye kiwanda hatakuwa na ya kuonyesha. Yaitwe malipo ya utayari na malipo ya usogezaji, kila moja mahali pake.

Majirani zetu wa Kenya, ambao kwao umeme ni stima na ukikatika husemwa kwamba stima imepotea, waliwahi kututangulia katika jambo hili: Desemba 2017 waliwawekea wateja wakubwa bei nafuu kwa umeme wa saa za usiku na siku za mapumziko. Bei ya namna hiyo twaweza kuiita bei ya saa. Tangu Desemba 2024 gridi za nchi mbili hizi zimeungana kwa njia ya kilovolti 400 ipitayo Namanga, kwa hiyo hitilafu ya upande mmoja yaweza kuhisiwa upande wa pili kabla simu haijapokewa. Istilahi za Namanga ya kusini na za Namanga ya kaskazini zikitofautiana juu ya stima na umeme hakuna atakayekufa. Zikitofautiana juu ya waya uliopoa, hatuna hakika hiyo.

Jambo moja limetushinda. Yupo mtu, au kampuni, akusanyaye watumiaji wengi wadogo, mashine ya barafu hapa, pampu pale, ili kwa pamoja wasogeze kiasi cha kuifaa gridi. Muswada umemwita dalali. Dalali hunadi mali ya mwingine na kwenda zake; huyu hukaa na watu wake na kuwajibu kila siku. Kikoa, ule ulaji wa pamoja ambao kila mtu huleta chake, kingefaa sana kwa kundi lenyewe, ila watu wa kompyuta wamekwisha kulichukua neno hilo kwa majina ya tovuti. Msomaji aliye na neno atuandikie.

Muswada tuliurudisha ukiwa na wino mwekundu mwingi kuliko tulivyopenda. Mfasiri amekubali mnepo na matumizi masogevu, na fidia ameiondoa. Laini amekataa kuiacha, kwa hoja kwamba ndivyo wasemavyo wenye kupanda nguzo. Hoja hiyo ina uzito, na hatukubishana naye zaidi. Ukurasa wa tisa ameuandika upya wote.